Kupanga nyimbo zetu kwa kodiani: mvukuto ufuate shairi

Kodiani_Wete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jamvi.

Kila mara humu anaingia mtu kuuliza wimbo fulani unatokaje kwa kodiani, na kila mara anajibiwa kwa orodha ya kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: hapa shika Do, hapa Fa, hapa rudi Sol. Anakwenda, anashika, vidole vyote viko mahali pake, na wimbo hautoki. Anadhani mkono wake mbaya. Mkono wake hauna ubaya wowote. Hakuna aliyemwambia wapi wimbo unavuta pumzi.

Napiga kodiani hapa Pemba mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimejifunza kwa kusikiliza na kwa kukosea mbele za watu, na kosa moja nitalihadithia kwa sababu ndilo lililonifungua masikio.

Ilikuwa harusi ya jirani, Wete. Shangazi yangu aliombwa aimbe wimbo wa zamani, nami nikaambiwa nimfuate. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili nzima. Kila neno nimelitafutia kodi yake mkono wa kushoto, um-pa, um-pa, na mkono wa kulia napiga mahadhi yote tokea mwanzo hadi mwisho, hakuna nilichoacha. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili, katikati ya mshororo, shangazi akanyamaza. Akanigeukia pale pale, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona hunipi pa kuvutia pumzi?" Kisha akaanza upya kwa tari peke yake, na ukumbi mzima ukaitikia.

Usiku ule niliikalisha kodiani mapajani, sikupiga noti hata moja, nikawa naufungua na kuufunga mvukuto tu na kuusikiliza. Udi hauna pumzi. Kanuni haina. Nai ina pumzi ya anayeipuliza. Kodiani ina mapafu yake yenyewe, na kila unapogeuza mvukuto, kutoka kufungua kwenda kufunga, kuna mkato mdogo unaosikika hata kwa asiyejua muziki. Mkato huo huwezi kuuondoa. Unaweza kuchagua tu uangukie wapi. Mimi nilikuwa nageuza pale mvukuto unapoisha, basi nakata maneno ya shangazi kama anayemdakia mtu mzungumzo.

Sasa angalieni nyimbo zetu zilivyo. Nyingi za taarab zimejengwa juu ya shairi la mizani nane kwa nane: ukwapi mizani nane, kituo kidogo, utao mizani nane. Nimetunga mshororo mmoja hapa wa kufanyia mazoezi, uimbeni kwa mahadhi yoyote mnayoyajua:

*Karafuu zimechumwa, juani zimeanikwa*

Hesabu: ka-ra-fu-u-zi-me-chu-mwa, nane. Ju-a-ni-zi-me-a-ni-kwa, nane. Ukwapi unafungua, utao unafunga. Mshororo ukiisha, mvukuto umerudi nyumbani na mwimbaji naye anavuta pumzi. Mnavuta pamoja. Mvukuto ukigeuka baada ya "zime", msikilizaji anasikia "zime" halafu "chumwa", vitu viwili. Kujua Kiswahili kunatosha kuliona kosa hilo.

Zoezi langu la kila asubuhi ni hili: kitufe kimoja cha besi, noti moja mkono wa kulia, nasoma shairi kwa sauti huku nikifungua na kufunga. Nimejipimia shibiri moja na nusu kwa mizani nane. Mwimbaji akivuta irabu ya mwisho, kama wanavyopenda mabibi zetu, napunguza nguvu ili hewa ifike naye. Shairi likishaingia kwenye mkono ndipo natafuta noti. Kabla ya hapo sitafuti.

Baada ya hapo ndiyo kupanga kwenyewe, na nitaeleza ninavyofanya.

Kwanza ufunguo wa wimbo. Muulizeni mwimbaji, msiulize kodiani. Vitufe vya kushoto vimepangwa kwa tano tano: juu ya Do iko Sol, juu ya Sol iko Re, na chini ya Do iko Fa. Kitufe cha Do kina kitundu au kijiwe cha kukipapasia. Ukishajua umbo la wimbo kwenye vidole, kuuhamisha ni kupandisha au kuteremsha mkono, umbo halibadiliki. Kwa hiyo mtu mwenye kodiani hana sababu ya kumlazimisha bibi wa watu apande juu mpaka mishipa ya shingo imsimame.

Pili, mkono wa kulia. Mwimbaji akiwa anaimba, punguza. Mimi nashika rejista (swichi ya kuchagua sauti) ya ulimi mmoja, kile kipande cha chuma kinacholia ndani, ile laini, naufuata wimbo kwa mbali, noti moja hapa na moja pale. Mshororo ukiisha, kwenye pengo la majibizano, ndipo nafungua rejista ya ndimi mbili zinazotetemana na kujibu kwa sauti kamili. Tofauti ya kumfuata na kumjibu ndiyo inayoupa wimbo sura.

Tatu, mkono wa kushoto, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kodiani kubwa ina vitufe 120 upande huo, safu sita za ishirini ishirini. Safu mbili ni za noti moja moja. Nne zilizobaki kila kitufe ni kodi nzima: meja, maina, ya saba, na ile ya kupungua. Vimewekwa tayari, ukibonyeza tu vinalia, kwa hiyo mtu anabonyeza. Lakini mahadhi yetu hayakuzaliwa juu ya kodi. Yamezaliwa juu ya sauti moja inayotembea. Chukua wimbo wa Hijaz, mojawapo ya maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu, ulioanzia Re: re, mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu), fa dizi (fa iliyopandishwa nusu), sol, la. Mwimbaji akituama kwenye mi bemoli na wewe umekandamiza kodi ya Re, mnagombana. Acha besi ya re peke yake ivume chini, kodi iweke akiba ya mwisho wa kipande. Ubeti mzima unaweza kwenda na besi mbili tu.

Karibuni. Mwenye kupinga apinge, mwenye swali aulize. Kuna jambo la maqam nimelikwepa makusudi kwa sababu peke yangu siliwezi.

---

fidla_ya_Malindi

Wa alaykum salaam sheikh wangu. Nimesoma neno kwa neno, na la pumzi nakubaliana nawe mia kwa mia. Sisi wa fidla uta wetu ndio mvukuto wetu, na mwalimu wangu alikuwa ananipiga vidoleni kila nikigeuza uta katikati ya neno.

Ila hilo ulilolikwepa ndilo hasa ninalolitaka. Hijaz ni rahisi kwenu, noti zake zote mnazo. Nahawand mnazo, Kurd mnazo, Ajam mnazo. Tuje kwenye maqam nyingine, Rast. Tuje Bayati. Ile mi ya kati, iliyo baina ya mi na mi bemoli, mnaipata wapi? Nimekaa na wapigaji kodiani wazuri, watu ninaowaheshimu, wakifika hapo wanapiga mi kamili na kuendelea kama hapakutokea kitu. Pametokea, kaka. Ukipiga Rast kwa mi kamili umeshaingia Ajam. Ukiteremsha kwenye mi bemoli uko Nahawand. Mimi na fidla yangu nimebaki Rast peke yangu, na mwimbaji hajui amfuate nani.

Kwangu mimi nyimbo za Rast na Bayati kodiani izipishe.

---

Mzee_wa_Kikwajuni

Wanangu, nimefurahi kuukuta uzi huu.

Nilikuwa klabu ya taarab miaka mingi, nimekaa safu ya nyuma naiona kodiani ilivyokuwa ikipigwa. Niwaambie tu mlikotoka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia santuri, alikwenda na watu wa udi na fidla. Sauti yake mbele, ala nyuma yake, zote zinalifuata neno. Klabu ya Ikhwani Safaa ipo tokea 1905, Culture Musical Club tokea 1958, na kodiani ilipoingia ndani ya taarab iliingia kwenye nyumba ambayo ilikuwa na adabu zake tayari. Haikuja kubadilisha. Ilikaa pamoja na fidla, wimbo mmoja wote tunaupiga, kila mmoja akiutilia nakshi yake kidogo. Mkono wa kushoto wa mpigaji wetu ulikuwa umeshika mkanda tu kwa ajili ya kuvuta na kufunga. Besi tunayo nyingine, ile kubwa ya kusimama. Vitufe vya kushoto ni mchana, nyumbani, akipiga peke yake.

Kwa hiyo mwanangu wa Wete, ulipomfuata shangazi yako kwa um-pa, ulikuwa unafanya kazi ya watu wanne peke yako.

Na hili la Rast: mpigaji wetu alikuwa akifika kwenye noti ile anainua kidole. Hapigi. Anaiachia fidla na sauti. Nilikuwa nadhani amesahau, mpaka nikamuuliza. Akaniambia, "Hiyo si yangu."

---

Kodiani_Wete

Mzee wangu, chei chei, shikamoo. Umenitoa machozi kwa hilo neno la mwisho.

Sheikh wa fidla, nimefanya hesabu nikuoneshe kwa nini hatuna njia ya mkato. Ndani ya kodiani kila noti ina ulimi wa chuma wa kufungua na mwingine wa kufunga, kwa sababu hewa inaingia upande huu na kutoka upande ule. Kodiani yenye sauti mbili ina ndimi nne kwa noti moja. Kodiani ya vibao 41 ina mi tatu. Tatu mara nne, ndimi kumi na mbili za kuchongwa. Ulimi ukikwaruzwa kwenye ncha sauti inapanda, ukikwaruzwa karibu na shina inashuka, na chuma kikishatoka hakirudi. Bado ile noti ya si, nayo ya kati, ambayo Rast inaitaka vile vile, na nayo zipo tatu: kumi na mbili nyingine. Misri wapo wapigaji waliokwenda njia hiyo, kodiani zao zimetengenezwa kwa robo toni, na ukizisikia unaelewa kwa nini walithubutu. Lakini ukishachonga mi ile, mi ya kawaida umeipoteza. Unahitaji kodiani ya pili kwa nyimbo nyingine zote. Mimi ninayo moja.

Basi nafanya kama mpigaji wa Mzee. Nikishuka kwenye Rast nakuja sol, fa, nainua kidole, halafu re, do. Pale katikati pengo linabaki, na sikio la msikilizaji linalijaza kwa sauti ya mwimbaji. Nikiwa peke yangu bila mwimbaji wala fidla, nyimbo za Rast sizipigi. Hapo tuko pamoja, nazipisha. Ila tukiwa wengi sioni kwa nini nitoke jukwaani kwa sababu ya noti mbili nisizokuwa nazo.

---

fidla_ya_Malindi

Ukiinua kidole, sina neno. Tena njoo na mkeka wako, nafasi ipo.

Ombi moja: usizibe pengo kwa kuchezesha mi na mi bemoli haraka haraka. Nimewasikia vijana wakifanya hivyo wakidhani mbili zikichanganywa zitatoa ya kati. Inatoka mi na mi bemoli.

---

Ngambo_Kidumbak

Mimi si mtu wa klabu, mimi wa kidumbak, ile taarab ndogo ya ngoma. Sisi tuna ngoma mbili ndogo, fidla, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (kayamba za kutikisa) na sanduku. Sanduku lile ni kamba moja juu ya boksi, na mpigaji anaivuta na kuilegeza kupata sauti. Wimbo wa harusi ukishachangamka, watu wako uwanjani, kodiani ikija na kodi zake inatuziba.

Kwa anayetaka kupiga nyimbo za kidumbak nyumbani kwa kodiani, ushauri wangu: mkono wa kushoto uwe sanduku. Noti moja fupi, toa kidole haraka, gonga na uachie. Wala usigonge kila mdundo. Sanduku linaruka, linarudi, linamwachia mkwasa nafasi. Sikilizeni sanduku peke yake nusu saa kabla hamjashika kitu.

---

Temeke_Dansi

Habari zenu wakubwa. Mimi niko Dar, napenda kupiga zilipendwa za dansi kwa kodiani ya marehemu babu. Magitaa matatu yanapishana, nashindwa nichukue lipi. Na je, haya ya mvukuto na shairi yanahusu dansi pia?

---

Kodiani_Wete

Yanahusu, kaka. Maneno ni Kiswahili kile kile, mwimbaji ana mapafu yale yale.

Magitaa: acha la kukong'ota, usijaribu kulihamishia kushoto, kodi za kodiani ni nzito, zitakuvuta nyuma. Chukua solo. Sehemu kubwa ya solo za dansi zinatembea kwa noti mbili mbili zilizoachana kwa tatu, kama do na mi, na hilo mkono wa kulia unalifanya vizuri mno: kidole gumba na cha kati, cha pili na cha nne, wanatembea pamoja kama wanaoshikana mikono. Kushoto weka besi tu kama lile gitaa la besi linavyotembea. Wakati wa kuimba, solo inyamaze. Wakiacha kuimba, fungua.

---

Mombasa_Makadara

Hapa Kenya kodiani ilikwenda bara ikawa mwomboko kwa Wakikuyu, pamoja na pete ya chuma ya kugonga. Mahadhi mengine kabisa, lakini mpigaji naye anajibizana na maneno. Nimewahi kumwona mmoja anageuza mvukuto kwa kila hatua ya wachezaji. Huyo shairi lake lilikuwa miguuni.

---

Binti_Micheweni

Assalaam alaykum. Kaka Kodiani_Wete, mimi ni mwalimu wa chekechea huku Micheweni. Nimepewa kodiani ndogo, vitufe 12 tu kushoto, safu mbili. Nataka kuwapigia watoto nyimbo za michezo tulizocheza sisi. Nimeanza na Ukuti. Nimepata noti za kulia zote lakini inatoka kama kengele ya kuita watu, watoto hawazunguki. Tena kuna nyimbo za huzuni kidogo, za kubembelezea, na kodiani yangu haina kodi za maina, zote ni meja. Je, nitafute kubwa zaidi? Uwezo huo sina.

---

Kodiani_Wete

Wa alaykum salaam dada yangu. Usitafute kubwa. Hiyo inatosha, na kwa watoto ni bora kwa sababu utaweza kusimama nayo na kuzunguka nao.

La maina kwanza, ni fupi. Kodiani nyingi za vitufe 12 zina Si bemoli, Fa, Do, Sol, Re na La: safu moja ya besi, moja ya kodi za meja. Shika besi ya la, na kwa kidole kingine kodi ya Do meja. Sikiliza. Kodi ya Do ina do, mi, sol. Chini yake ukitia la, sikio linaisikia la maina, yenye ulaini kidogo juu yake. Besi ya re na kodi ya Fa, unapata re maina. Besi ya sol na kodi ya Si bemoli, sol maina. Tatu hizo zinabembeleza watoto wote wa Micheweni mpaka walale.

Sasa Ukuti. Nimeuchukua tena jana usiku kwa ajili yako, nikagundua jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nimeuimba tokea sijui kusoma.

Hesabu mizani. "Ukuti ukuti", sita. "Wa mnazi wa mnazi", nane, maana ile m ya mnazi inahesabiwa. "Ukipata upepo", saba. Halafu mstari wa mwisho, ule wa kutetemeka, "watete watete watetemeka": kumi na moja. Si nane kwa nane. Wimbo unakua, unarudi kidogo, halafu unaachiliwa. Ukiupiga kwa um-pa sawa sawa, mistari yote inalingana, na ndiyo maana unaisikia kengele. Watoto wanazunguka polepole huku wameshikana mikono, wanasubiri upepo. Wape cha kusubiri.

Mtetemo uko ndani ya kodiani yako. Ukiutikisa mvukuto nje ndani, nje ndani, haraka, kwa kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, noti ile ile inatetemeka kama kuti lenyewe. Lakini mvukuto hutikisika vizuri ukiwa karibu umefungwa, umefunguka vidole vitatu tu. Ukiwa umefunguka sana unakuwa mzito, unayumba, na mkono unachoka. Kwa hiyo inabidi ufike kwenye "watete" ukiwa karibu umefunga. Panga kinyumenyume kutoka hapo.

"Ukuti ukuti" fungua, polepole, kama vidole vinne. "Wa mnazi wa mnazi" endelea kufungua, usigeuze, ni sentensi moja ile: ukuti wa mnazi. Ukigeuza katikati umeukata mnazi na ukuti wake. "Ukipata upepo" geuza, anza kufunga, na hapa ongeza nguvu kidogo kidogo kwa sababu upepo unakuja. Ukimaliza "upepo" uko karibu nyumbani. Nyamaza. Pengo la mdundo mmoja mzima, hakuna besi, hakuna kitu, watoto wamesimama na mikono juu. Kisha "watete", tikisa.

Kushoto: besi moja kwenye "ukuti" ya kwanza, besi moja kwenye "mnazi" ya kwanza, basi. Kodi usiguse mpaka neno la mwisho kabisa, "tetemeka". Hapo bonyeza kodi na uiachie ikatike pamoja na sauti zao.

Jaribu, utuletee habari.

---

Mzee_wa_Kikwajuni

Mwanangu wa Wete, hapo sasa umepanga wimbo.

Bi mwalimu, mvua za masika zikianza muwe waangalifu na kodiani yenu. Ndani mna ndimi zimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ule utomvu mkavu wanaopaka uta wa fidla. Jua la ndani ya gari linaiyeyusha, ndimi zinadondoka. Unyevu nao unazitia kutu, na vingozi vidogo vilivyofunika ndimi vinajikunja, ndipo unasikia noti inachelewa au inakoroma. Ihifadhini imesimama kama inavyosimama ikipigwa, mkanda wa mvukuto umefungwa, mbali na dirisha la pwani. Na ipigwe kila siku, hata robo saa. Kodiani isiyopumua inaoza.

---

Kodiani_Wete

Ahsante Mzee. Mimi niliwahi kuiacha yangu kwenye gari, mchana mmoja tu, Chake Chake. Ndimi tisa zilianguka. Ilinichukua miezi mitatu kupata mtu wa kuzirudisha, na mbili mpaka leo hazijakaa sawa na wenzao.

---

Binti_Micheweni

Kaka, nimerudi. Wamezunguka! Kwenye pengo walisimama wenyewe bila kuambiwa, na mmoja mdogo kuliko wote akawa anatetemeka kabla ya wakati kwa furaha. Tumerudia mara sita. Kuna mama mmoja alikuwa anapiga makumbi nje ya ua, akaacha gongo akaja kusimama mlangoni, akaitikia mstari wa mwisho.

Tatizo moja. Tukirudia mara ya pili mpaka ya tatu, nakuta mvukuto wangu haufungiki vizuri, kila raundi unabaki wazi zaidi, na mara ya nne nikifika kwenye "watete" uko mbali, hautikisiki. Nafikiri kwenye mstari wa kufunga sitoi hewa ya kutosha, kwa sababu ni mizani saba na kufungua ni kumi na nne. Nifanyeje?

---

Kodiani_Wete

Mashaallah dada, na hesabu yako ni sahihi kabisa, kumi na nne kwa saba. Nilipaswa kukwambia.

Upande wa kushoto, karibu na kidole gumba, kuna kitufe kimoja kiko peke yake. Hakina noti, ni cha hewa. Ukikibonyeza, mvukuto unafunguka na kufungwa bila sauti. Kwenye lile pengo la kimya kabla ya "watete", kibonyeze na usukume mvukuto ndani mpaka vibaki vidole vitatu. Fanya hivyo pale pale watoto wanapovuta pumzi. Pumzi zao ni nyingi kuliko ya kodiani yako, hakuna atakayeisikia.